Maisha ya Ferruh Dizgin na Kahawa ya Dada Yake

Mheshimiwa Meya wa Kavaklıpınar, Imamu wetu, wageni mliotoka Istanbul na Izmir mkasafiri usiku kucha, majirani, wakulima wenzetu, na wewe Shangazi Nezahat uliyeketi hapo mbele kwenye kiti ulichokikataa mpaka ukalazimishwa, mimi ni Tuncer, mtoto wa marehemu Kâzım, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya marehemu baba yangu mdogo kabla jeneza halijabebwa kwenda msikitini. Manispaa, kwa wema wake, ilituletea historia iliyokwisha andikwa, yenye maneno kama nuru na bahari na moyo wa taifa, tukaisoma, tukashukuru, tukaamua kuandika ya kwetu, ambayo shangazi ameisikiliza jana jioni kutoka mwanzo hadi mwisho na kuirekebisha mahali pawili. Wafu hawasemwi, nasi hatumsemi, tunaeleza tu alikozaliwa, alikosoma, alichofanya na alivyokufa, na likitokea la kumwasha mtu sikio, basi ajue tumelitoa kwenye vitabu vya marehemu mwenyewe, vinavyouzwa madukani.

Marehemu Ferruh Dizgin alizaliwa tarehe 11 Machi 1954, hapa hapa Kavaklıpınar, katika nyumba ya matofali ya udongo iliyoko nyuma ya msikiti mdogo, akiwa kitinda mimba wa marehemu Hurşit Dizgin, mkulima wa tumbaku, na marehemu Hacer, ambaye naye alikuwa mkulima wa tumbaku ingawa hakuna aliyewahi kumwita hivyo, wakubwa zake wakiwa Nezahat, aliyezaliwa mwaka 1947, na baba yangu Kâzım, aliyezaliwa mwaka 1950 na kututangulia mwaka 2011. Alizaliwa kabla ya miezi yake, mdogo kama paka, mkunga akamwambia mama yake asijisumbue kutafuta jina, lakini Nezahat, akiwa na umri wa miaka saba, alipasha tofali jikoni, akalifunga kwa kitambaa cha sufu, akamlaza mdogo wake juu yake, na kila lilipopoa alilipasha tena, mpaka majira ya kuchipua yakaingia na mtoto akajifunza kulia kwa sauti. Marehemu aliyaandika hayo pia, katika kitabu chake cha kwanza, isipokuwa katika kitabu aliyepasha tofali ni mama, kwa sababu, alivyowaeleza waandishi wa habari, mama humliza msomaji kuliko dada.

Alianza shule ya msingi ya hapa mjini Septemba 1960, na mwaka uliofuata baba yake alikufa kwa kupindukiwa na trekta la kukodi kwenye mteremko wa makaburini, hivyo shamba likabaki kwa mama, ambaye macho yake yalikuwa yameharibiwa na trakoma, na kwa Nezahat, ambaye aliondolewa shuleni wiki hiyo hiyo. Ninyi mliolima tumbaku hamhitaji kuambiwa kazi yake, kuamka kabla ya alfajiri kuyavuna majani yangali na umande, kukaa chini mpaka adhuhuri ukiyatunga moja moja kwa sindano ndefu, utomvu mweusi ukigandia vidoleni hata sabuni inakata tamaa, na ninyi wageni mliovuta sigara zenu pale getini, hiyo ndiyo kazi iliyomsomesha mwandishi wenu. Marehemu hakuwahi kutunga hata uzi mmoja. Alisema harufu ilimpa kichefuchefu, na Nezahat akamjibu, kwa maneno ambayo wazee wa mtaa huu wanayakumbuka, "Wewe kasome, mdogo wangu, vidole vyeusi vinatosha vyangu." Alisoma, na kwa hilo hatuwezi kumnyima haki yake, alisoma vizuri kuliko mtoto yeyote wa mji huu, akamaliza shule ya kati Juni 1968, akapata nafasi katika sekondari ya Akhisar, ambako angekaa bweni, kula bweni, na kuhitaji koti, viatu, vitabu na nauli, vyote vikitoka kwenye sindano ya dada yake.

Hapa familia inaomba subira yenu, kwa kuwa historia ya marehemu inapita katika jambo moja ambalo wengi wenu mnaamini mnalijua. Siku ya Alhamisi tarehe 26 Septemba 1968, baada ya sala ya isha, watu wa Cemal Efendi walikuja nyumbani kumposa Nezahat kwa ajili ya mtoto wao Rasim, fundi wa redio, kijana mpole mwenye sikio moja kubwa kidogo, ambaye tangu masika alikuwa akipita mbele ya shamba letu akiwa na redio iliyokwisha pona lakini bado anaitengeneza. Nezahat alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na alikuwa anamtaka, na hilo silisemi kwa kukisia, jana alinituma niliandike hivyo hivyo, kwamba alikuwa anamtaka. Siku hizi vijana hufanya mchezo, lakini zamani zile, na wazee walioko hapa ni mashahidi, binti hakuulizwa kwa mdomo mbele ya wageni, aliulizwa kwa kahawa, akimtaka mwanamume anamtilia sukari, asipomtaka anamtilia chumvi, na mwanamume akionja chumvi husimama yeye na watu wake, wakaaga kwa adabu, na hakuna kesi. Nezahat alipika kahawa, akatia sukari kikombe cha Rasim, vijiko viwili vilivyojaa, kisha akaenda chumbani kufunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, kwa sababu alitaka kuonekana.

Marehemu alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Hesabu aliyoifanya mtoto yule ilikuwa rahisi, dada akiolewa sindano inaondoka naye, mama haoni, Kâzım yuko Izmir anaziba matairi kwa posho ya uanagenzi, na nafasi ya Akhisar inapewa mtoto mwingine. Akaingia jikoni, akamwaga kile kikombe, akakijaza tena kutoka kwenye birika, akatia chumvi.

Nezahat alirudi, akabeba sinia mpaka kwa wageni, na Rasim akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini, akamtazama Nezahat, na Nezahat, akidhani mwenzake ameionja sukari na kuielewa, akatabasamu. Jiweke mahali pa Rasim, huyo ni binti anayekukataa mbele ya baba na mama yako, halafu anakuchekea. Cemal Efendi alimtazama mwanawe usoni, akaelewa, akasimama na kusema, "Riziki haikuandikwa hapa, tuageni," wakaondoka, na sanduku la peremende walilokuja nalo likabaki mezani, na marehemu alilila lote wiki ile. Mama yake alimfuata Nezahat jikoni, akakionja kikombe, akampiga kwa mkono ulioshika sinia, akamwambia, "Ulikuwa na ulimi, si ungeniambia humtaki, umewaaibisha watu wazima kwenye nyumba ya mjane." Nezahat alisema alitia sukari, mama akasema chumvi haina miguu, na marehemu, aliyekuwa amekaa pale pale akimenya peremende, hakutia neno.

Mkisema ni utoto, familia inakubali, ni utoto. Lakini utoto una mwisho, na marehemu alitimiza miaka kumi na tano, kumi na minane, ishirini na tano, thelathini, akiwa na lile neno kinywani. Bi Hacer alifariki tarehe 2 Februari 1983, na katika miaka yote ile hakumwita binti yake kwa jina isipokuwa kumtuma, na alikufa akiamini amezaa mwenye kiburi. Rasim alioa mjini Salihli masika ya 1969, akapata watoto, akafungua duka la televisheni, akafariki Novemba 1987, kwa hiyo alikwenda kaburini akijua kwamba binti wa Hurşit alimkataa na kumcheka. Posa nyingine haikuja. Nani amlete mwanawe kwenye nyumba ambayo mgeni hunyweshwa chumvi? Kila likizo marehemu aliketi kwenye mkeka ule ule, akala maharage yaliyopikwa na mkono ule ule, akaweka nguo zake chafu kando ya mlango, akawasikia mama na dada wakiwa kimya baina yao, akarudi shuleni.

Alimaliza sekondari Juni 1971, akaingia Chuo Kikuu cha Istanbul mwaka 1972 kusomea fasihi, akahitimu 1977, akafundisha kwa miaka michache, kisha akaingia kwenye shirika moja la uchapishaji ambako alipanda mpaka uhariri mkuu. Alichapisha vitabu vinane vya hadithi fupi, cha kwanza mwaka 1981 na cha mwisho mwaka 2017, na wanaojua mambo hayo, ambao baadhi yao wapo hapa na watazungumza baadaye kama Imamu atawapa muda, wanasema hakuna aliyeandika sentensi fupi kama zake. Sisi wa Kavaklıpınar tunalijua hilo kwa njia yetu, maana aliandika mwokaji wetu na mkewe aliyetoroka, akaandika kigugumizi cha mfamasia, akaandika jinsi muuza maziwa alivyochanganya maji, akibadilisha herufi moja ya jina na kuacha chongo la mtu lilivyo, na ikafika mahali akishuka kwenye basi watu waliinuka kwenye mkahawa wa chai mmoja mmoja, kama wamekumbuka shughuli. Yeye alidhani wanamheshimu.

Alifunga ndoa na Bi Belkıs, mwalimu wa piano, tarehe 14 Juni 1986 mjini Istanbul, harusi ambayo Nezahat alialikwa kwa kadi iliyofika baada ya harusi, na Mungu akawajalia binti mmoja, Ceyda, aliyezaliwa Aprili 1988. Ceyda hajatimiza siku arobaini, hadithi ya uzazi wa mama yake ikatoka kwenye jarida, pamoja na vilio, matusi aliyomtukana daktari, na lile jina alilolitaja wakati wa uchungu ambalo halikuwa la mumewe. Ndoa ilivunjwa mahakamani mwaka 1994, na hakimu, kwa mujibu wa Bi Belkıs, hakuuliza maswali mengi kwa sababu alikuwa amesoma. Bi Belkıs hakuja leo. Ceyda ametuma shada la maua kutoka Rotterdam, ni lile la pale kulia, lisilo na maandishi.

Hadithi iliyompa jina ni ile inayoitwa "Kahawa ya Posa," iliyotoka Februari 1989 na kupata tuzo mwaka uliofuata, na tangu 2004 imo katika kitabu cha kiada cha darasa la saba, hivyo kila mtoto wa nchi hii anajua kwamba kuna mvulana mjanja aliyemwokoa dada yake na ndoa ya fundi wa redio mwenye sikio kubwa kwa kijiko kimoja cha chumvi. Mnakumbuka inavyokwisha, miaka imepita, mvulana amekuwa mtu mzima, anamfunulia dada siri, na dada anacheka mpaka machozi yanamtoka, anambusu paji la uso na kusema, "Mjanja wangu wee, bila wewe leo ningekuwa nakaanga biringani jikoni kwa mama mkwe." Watu wamecheka na kulia na dada huyo kwa miaka thelathini na mitatu.

Nezahat aliijua siri ile saluni. Alikwenda kukatwa nywele, mke wa mfamasia akamshika mkono mbele ya wanawake wote, akamwambia, "Kaa, Dada Nezahat, kaa nikusomee, kumbe wewe ni mtu kwenye vitabu," akamsomea kwa sauti kutoka mwanzo, na alipofika penye chumvi wanawake wakapiga makofi. Shangazi aliinuka kitini. Alilipa, akaenda nyumbani na nywele zimekatwa upande mmoja, akaketi kwenye vitalu, maana ilikuwa Februari na miche ya tumbaku ilikuwa ikipandwa chini ya turubai, akafanya kazi mpaka giza.

Marehemu alipokuja sikukuu ya kumaliza mfungo mwaka ule, dada yake alimngoja amalize kula, kisha akamuuliza kama ni kweli. "Dada, hadithi ni hadithi," akamwambia. Akamuuliza, "Chumvi ilikuwa ya kweli?" Akasema, "Chumvi ilikuwa ya kweli." Akamuuliza tena, "Na kule kucheka kwangu?" Na marehemu, tunataja hili kwa sababu kazi yake hamtaielewa bila hili, alijibu bila kuinua kichwa, akipasua tikiti, "Kucheka nilikutungia mimi, mwishoni pale palipwaya." Baba yangu Kâzım alikuwepo, na alikuwa akilisimulia jambo hilo kila aliponipa onyo la maisha. Nezahat aliondoa sahani. Hakumfukuza, kwa sababu pale ni nyumbani kwake marehemu pia, na hakumsamehe, kwa sababu hakuombwa.

Tangu kitabu cha kiada kitoke, mabasi ya shule yalianza kusimama mbele ya nyumba kila Mei. Walimu hubisha hodi, watoto hujipanga kwenye ua, mmoja hutumwa mbele na kuuliza, "Bibi, ulijisikiaje ulipomsamehe?" na mwaka 2012 mwalimu mmoja kutoka Balıkesir, mtu mzima mwenye tai, alimwomba shangazi yangu, aliyekuwa na miaka sitini na mitano na vidole visivyonyooka tena, acheke kidogo kama kwenye hadithi ili watoto wapige picha. Akawamiminia marashi ya ndimu viganjani, kama anavyostahili mgeni, akawagawia mbegu za alizeti, akafunga mlango. Mwalimu yule aliandika gazetini kwamba bibi wa hadithi ni mnyenyekevu.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2016, na kufikia majira ya joto ya 2019 zikawa zimekufa zote mbili, na Istanbul, yenye watu milioni kumi na tano waliomsoma, haikupata mmoja wa kumpikia supu isiyo na chumvi. Tarehe 21 Juni 2019 alishuka kwenye teksi mbele ya nyumba akiwa na sanduku moja na mto wake, na Nezahat, mwenye miaka sabini na miwili, alitandika kitanda cha chumba cha mbele. Watu husema fadhila ya punda ni mateke, lakini shangazi huyo alimpeleka hospitali ya Akhisar kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kila wiki, kwa basi dogo la saa kumi na mbili asubuhi, kwa zaidi ya miaka mitatu, akamwogesha, akamkata kucha, akampikia kila kitu bila chumvi kama daktari alivyoamuru, na ili asione wivu naye mwenyewe akawa anakula bila chumvi. Marehemu alilalamika sana kuhusu chakula hicho. Alisema, "Dada, unanilisha karatasi," naye akajibu, "Karatasi ndiyo kazi yako, kula."

Sasa tunafika kwenye wiki yake ya mwisho. Siku ya Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2022 alikuja nyumbani kijana wa jarida moja la fasihi la Istanbul, ambaye leo yuko safu ya pili na tunamkaribisha, hakuwa na nia mbaya. Marehemu alimweka kijana kwenye kiti karibu na kitanda, akamwita dada yake kutoka jikoni, akasubiri mpaka kamera ielekezwe, ndipo akasema, "Dada yangu, mimi ni wa kuondoka, nihalalishie haki yako, usinidai kesho mbele ya Mungu." Miaka mitatu walikuwa wawili ndani ya nyumba ile, kuta tu zikiwasikiliza, hakuomba. Aliomba alipopata shahidi, akijua vizuri jinsi alivyolelewa dada yake, kwamba mbele ya mgeni mwanamke wa mji huu hatasema hapana, hata kama anachinjwa.

Nezahat hakusema hapana. Alisema, "Ngoja niwapikie kahawa." Akapika vikombe viwili, cha mgeni akakitia sukari, na cha mdogo wake akakitia chumvi, kijiko kizima, akakibeba mwenyewe kwenye sinia na kumkabidhi mkononi, akasimama mbele yake kama alivyosimama mbele ya Rasim, ila safari hii hakutabasamu. Marehemu alikunywa funda la kwanza na akajua. Uso wake haukubadilika, tunamsifu kwa hilo, alikuwa fundi, akakinywa chote mpaka kwenye mashapo, akamgeukia kijana na kusema, "Tamu. Ametia sukari. Dada yangu hajui kunyima." Kijana akaandika. Angefanya nini? Chake kilikuwa kitamu kweli.

Siku ya Jumatano habari ilikuwa kwenye simu za mji mzima, yenye kichwa kisemacho "Dada Atia Sukari," na majirani walikuja na biskuti kumpongeza. "Hongera, Dada Nezahat, umeupunguza mzigo wa dhambi zake," walimwambia. Aliwaaga, akaingia chumba cha mbele, akamwambia, "Mpigie yule mtoto umwambie ulichokunywa." Marehemu akajibu, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yanayoeleweka, kwa kuwa usiku ule homa ilianza, "Mwisho wa chumvi haufai, dada. Wasomaji hawautaki."

Alipelekwa hospitali Alhamisi, na akafariki Ijumaa tarehe 7 Oktoba 2022, saa moja asubuhi, moyo uliposimama, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ili midomo ya watu ipumzike, Nezahat alimuuliza daktari mwenyewe, kwenye ukumbi, mbele ya watu, kama kikombe kile kilimuua, na daktari akasema hapana, moyo ulikuwa umechoka tangu kiangazi, kikombe kimoja kingemwongezea kiu tu. Shangazi akasema, "Kiu ndiyo niliyoikusudia."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomvumilia mgonjwa aliyewauliza majina yao na ya waume zao na kuyahifadhi, inamshukuru dereva wa basi la alfajiri aliyemshusha mlangoni hata pale ambapo hakuna kituo, inawashukuru majirani kwa supu, kuni na viti, na wale wote walioonekana kwenye vitabu vya marehemu na bado wamekuja kubeba jeneza lake, kuanzia mwokaji, ambaye ameoka mikate ya leo bure. Tunamshukuru pia Mheshimiwa Meya, ambaye ametujulisha kwamba bustani ya mji itapata sanamu ya shaba ya dada anayecheka, akiwa na kikombe mkononi. Nezahat hana uwezo wa kuizuia, ila anaomba ikiwekwa, iwe imefunga mdomo.

Baada ya dakika chache Imamu atasimama mbele ya jeneza na kutuuliza, kama kawaida, tulimjua marehemu kuwa mtu wa namna gani, kisha atatuuliza kama tunamhalalishia haki zetu. Kila mmoja wenu ana haki yake, na ajibu anavyoona, wala familia haitahesabu sauti. Lakini wageni wenye kamera wameuliza tangu asubuhi shangazi atasimama wapi, ili sauti yake isikike ya kwanza, kama ilivyo kwenye hadithi. Atasimama nyuma, pamoja na wanawake, na hatajibu, kwa kuwa amekwisha kujibu, na ameagiza jibu lake lisomwe hapa mbele ya wote, na wewe kijana wa safu ya pili uliandike kama lilivyo, kwamba kikombe kile kilikuwa na chumvi, aliitia yeye, kwa mkono wake, akiwa na akili zake, na safari hii hakuna mtoto aliyeingia jikoni.

Ferruh, mwana wa Hurşit na Hacer, ulilala juu ya tofali la dada yako na leo unakwenda kulala chini ya udongo wa mji wako. Amani tunakuombea, upumzike nayo. Mwisho huu hukuutunga wewe.